Njia ya Baiskeli Iliyopita Nyuma ya Jiko

Nitaanza na geti, kwa sababu kila kilichotokea baadaye kilipita hapo.

Chuo chetu kiko Mbale, upande wa barabara ya Tororo, na geti lake ni la chuma lenye mabawa mawili. Gari likifika, mabawa yote hufunguliwa na askari hupiga saluti, hata kama ndani yumo dereva peke yake aliyekwenda kununua sukari. Pikipiki ya mfanyakazi hufunguliwa bawa moja. Anayetembea hupita kwenye kilango cha pembeni. Mwenye baiskeli ndiye aliyekuwa hana mlango. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye ua wa waya upande wa nje, akapita kilangoni kama watembea kwa miguu, na baiskeli ikabaki kwenye vumbi, mkabala na steji, kijiwe cha vijana wa boda boda.

Mimi ni mtu wa ofisi ya habari ya chuo. Kabla ya hapo nilikuwa redioni mjini, nikikimbilia ajali na kesi na mikutano ya viongozi. Chuoni kazi yangu ni kupiga picha, kuandika matangazo, na kukaa kwenye kamati nikiandika kumbukumbu za vikao. Lakini mazoea ya redio hayakuniacha. Nikiona jambo, najiuliza: nani, wapi, tangu lini, na nani anaumia.

Aliyekuwa akiumia nilimjua kwa mgongo kabla sijamjua kwa sura. Naishi Nkoma, na asubuhi boda yangu ilikuwa ikimpita kwenye barabara iendayo mji wa Kumi: mwanamke aliyenyooka juu ya baiskeli nyeusi nzito ya wanaume, na nyuma yake madumu mawili ya maziwa yaliyofungwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Alitoka ng'ambo ya Nakaloke. Kwao asili ni upande wa Teso, ambako mwanamke kupanda baiskeli si habari. Hapa Mbale watu walikuwa bado wanageuza shingo. Alipita kwenye hoteli za mjini akigawa maziwa, kisha akaendelea na madumu matupu hadi chuoni kwetu, darasani. Alikuwa mwaka wa mwisho, akisomea ualimu. Alikuwa mwalimu tayari, mwenye cheti, lakini shule ya binafsi aliyofundisha ilimwambia waziwazi arudi akiwa na digrii, na nafasi yake wangemshikia mpaka mwaka huo uishe. Watoto wake walikuwa wakimtegemea yeye, yeye akitegemea ng'ombe, na ng'ombe na hoteli viliunganishwa na ile baiskeli. Hayo alinieleza mwenyewe, kwa mpangilio huohuo, siku ya kwanza tulipozungumza.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama getini nikisubiri gari la chuo. Alifika akiwa anatoka jasho, akateremsha mguu mmoja chini. Mkuu wa askari wetu ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Sisi sote tunamwita Afande.

"Mama, shuka," alisema.

"Nimeshashuka, afande."

"Umeshuka mguu moja. Shuka yote. Baiskeli iko nje, mtu iko ndani."

Vijana wa steji walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao, wakasikia. "Afande, mwachie apite," mmoja alisema. "Maziwa yanachelewa darasa."

"Digrii yake itatoka na mtindi juu," mwingine akasema.

Mwanamke hakugeuka. Alikuwa anafunga kufuli kwenye waya wa ua. "Na wewe ya kwako itatoka na petroli," alisema. "Tena ile ya kuchanganywa na maji."

Steji nzima ikacheka, na aliyetaniwa akacheka kuliko wote. Nilikuja kujua kwamba wale vijana ndio waliokuwa kufuli lake la kweli. Kufuli lenyewe lingefunguliwa kwa msumari. Lakini baiskeli ikikaa mbele ya macho ya steji tangu asubuhi hadi alasiri, hakuna aliyethubutu kuigusa, na yeye, siku maziwa yakibaki, aliwaachia kikombe.

Sheria ile ya getini haikuandikwa popote. Nilimuuliza Afande imetoka wapi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jua limetoka wapi.

"Kambi yote ya jeshi, raia akipita mbele ya geti anashuka baiskeli," alisema. "Anasukuma mpaka amalize kambi. Ndiyo heshima. Chuo si kikubwa kushinda kambi?"

Sikuweza kumbishia kwamba haikuwa hivyo, maana nimezaliwa Jinja na mambo hayo nimeyasikia kwetu tangu utotoni. Watu wa umri wa baba yangu, katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, walipokaribia kambi walishuka mapema, wakavua kofia, wakasukuma huku wanatazama tairi la mbele. Aliyesahau kushuka alifundishwa palepale barabarani. Ilianza kwa woga, na woga ulipoisha ikabaki adabu. Nasi huku mashariki tunayo adabu hiyo hata bila jeshi: ukiwa kwenye baiskeli ukakutana na mkweo, unashuka, ukipita penye msiba, unashuka na kusukuma mpaka vilio viwe nyuma yako. Mtu anayepita akiwa juu ya kiti anaonekana hakulelewa.

Basi mkuu wa kitivo kimoja chuoni akasafiri. Alikwenda nchi ya baridi kwa miezi michache, akarudi amekonda na amechangamka, akitueleza kwamba kule maprofesa wanapanda baiskeli na suti zao, na wanafunzi, na mama wajawazito. Alikuwa mtu mwema na alimaanisha. Alisema chuo chetu kitakuwa cha kwanza upande huu wa nchi kuwakaribisha waendesha baiskeli, na alikuwa amekwisha kupata wafadhili wa kupaka rangi njia na kujenga maegesho. Kamati ikaundwa. Yeye mwenyekiti, mhandisi wa majengo, Afande, kasisi wa kanisa la chuo na imamu wa msikiti wa chuo, msimamizi wa maktaba, na mimi, mwandishi.

Katika kikao cha kwanza mwenyekiti aliuliza nani atawakilisha waendesha baiskeli wenyewe. Mhandisi akasema haoni mwendesha baiskeli yeyote hapa chuoni, ndiyo maana tunataka kuwakaribisha. Sasa mimi, kwa kuwa nilikuwa nikitazama ule ua wa waya kila siku, nilijua pale huegemea baiskeli za wapishi, za wafagiaji, za fundi bomba na za yule mwanafunzi wa maziwa. Nilisema hivyo.

"Hao ni wafanyakazi wanaokuja kazini," mhandisi alisema. "Sisi tunazungumzia waendesha baiskeli."

Mwenyekiti, kwa kuwa ni muungwana, alisema mwanafunzi huyo aitwe. Akaitwa. Aliingia kikao cha pili akiwa na harufu ndogo ya maziwa, akasalimu kila mmoja kwa zamu, akakaa kwenye kiti cha mwisho. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema kwa ufupi. Anaomba kuingia getini akiwa na baiskeli yake na kuiegesha karibu na jengo la madarasa, dirishani, aione. Akimaliza hapo hana ombi lingine.

"Hilo ni dogo," mwenyekiti alisema kwa furaha. "Hilo tutalifikia."

Tulilifikia kikao cha nne, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, bila mtu hata mmoja kukusudia ubaya. Mhandisi alitandaza mchoro wa njia mezani. Njia iliingia getini, ikapita mbele ya jengo la utawala, kwenye mlingoti wa bendera, ikapita kati ya kanisa na msikiti, ikagusa maktaba, ikapita nyuma ya jiko, ikaishia madarasani. Ilikuwa nyoofu na fupi. Afande aliitazama kwa muda, akasema yeye hana neno, baiskeli iingie, lakini getini ishuke. Geti ni geti.

"Sawa," mwenyekiti alisema. "Atashuka getini, halafu apande."

"Na kwa bendera," Afande akasema. "Bendera, afande mwenyewe anasimama."

Hakuna aliyeweza kusema asishukie bendera. Kasisi akakohoa, akasema kama bendera inashukiwa, basi nyumba ya Mungu nayo, si kwa kulazimisha, lakini wakati wa ibada. Imamu akasema kwa upole kwamba saa za ibada hazifanani, kwa hiyo ni vyema iwe wakati wote, tena pande zote mbili, isionekane mmoja amependelewa. Wakapeana tabasamu. Msimamizi wa maktaba akaomba tu washuke na pake, maana minyororo ya baiskeli ina kelele. Mwenyekiti mwenyewe, akiona kila mtu ameomba heshima kwa pake, alikumbuka kwamba jengo la utawala ndimo anamokaa makamu mkuu wa chuo, mtu mzima wa kuamkiwa, na haitapendeza apitiwe dirishani na mtu aliyekaa.

Niliyaandika yote kwa mpangilio. Kisha mhandisi akachukua kalamu nyekundu na kuweka alama pale pa kushuka, na sote tukainama kutazama. Sehemu iliyobaki ya kupanda baiskeli ilikuwa kipande cha nyuma ya jiko, kutoka kwenye mapipa ya takataka hadi kwenye kisima.

Nilimtazama yule mwanamke. Kama angesema neno, nadhani mwenyekiti angelisikiliza. Lakini angesema nini? Kwamba yeye hatashuka mbele ya kanisa? Mbele ya wazee sita, yeye mgeni kwenye meza yao, aliyelelewa kushuka kama sisi sote tulivyolelewa? Alitazama mchoro, akasema, "Nashukuru wazee wangu," na kikao kikafungwa kwa sala.

Nje nilimuuliza kwa nini hakupinga.

"Kaka yangu," alisema, "wewe uliwahi kumwambia imamu asiheshimiwe?"

Tukahamia kwenye maegesho. Yalichomelewa Jinja, na fundi wa Mafubira, kwa mchoro ambao mwenyekiti alirudi nao safarini, na nikatumwa na lori la chuo kuyachukua. Tulipita barabara ya Tirinyi, na kwa kuwa fundi alikuwa bado anapaka rangi, nikamwomba dereva anishushe Walukuba nimsalimie baba. Bado anakaa kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda, ingawa kiwanda chake kilikufa zamani. Nilimkuta barazani na mswala begani, ametoka msikitini. Nilimweleza kazi iliyonileta, na habari za yule mama wa maziwa, nikidhani atafurahi, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya baiskeli.

"Mnawakaribisha wenye baiskeli chuo kikuu," alirudia.

"Ndiyo, baba."

"Wale wenye ndizi? Wenye makaa?"

"Wanafunzi. Wasomi."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nilikusomesha ili ushuke kwenye baiskeli," alisema. "Sasa umeshuka, unakwenda kuwapandisha wenzako. Hebu mama yako asisikie, atasema nilipoteza ada."

"Ulaya maprofesa wanapanda, baba."

"Wao wana magari nyumbani. Mtu mwenye gari akipanda baiskeli ni mazoezi. Asiye na gari akipanda ni umaskini wake unapita barabarani na kengele." Aliacha kucheka. "Huyo mama unayemsema, mwenye maziwa. Mtampitisha?"

Nilisema tutampitisha. Nilikuwa bado naamini.

Maegesho yalikuwa mazuri, meupe, yenye paa la bati la kijani. Kwa ajili ya usalama Afande alishauri yawekwe palepale getini, upande wa ndani, karibu na kibanda chake, na mhandisi akakubali kwa sababu wageni wangeyaona mara wanapoingia. Kulikuwa na kasoro mbili. Vyuma vilikaa karibukaribu, na baiskeli yenye keria pana iliyoimarishwa kwa nondo haikuweza kuingia katikati yake. Na lilikuwa ndilo paa pekee lenye kivuli getini. Kabla ya wiki kwisha, pikipiki za wafanyakazi zilikuwa zimejipanga chini yake, safi, zikipoa. Baiskeli zilibaki kwenye ua wa waya kama zamani.

Mwanamke yule alijaribu mara moja kufuata njia mpya. Nilimwona kutoka dirishani kwangu. Alishuka getini, akasukuma mbele ya utawala, akasukuma kwenye bendera, akasukuma kati ya kanisa na msikiti, madumu matupu yakigongana. Aliporudi hakuwa amepanda popote. Kesho yake aliiacha baiskeli nje, kwa vijana wa steji, na mimi nikaona ni busara.

Siku ya uzinduzi ilipangwa na ofisi ya makamu mkuu, si na kamati. Iliangukia kwenye mitihani ya mwisho wa muhula. Asubuhi ile turubai zilikuwa zimesimama, fulana zimegawiwa, na baiskeli nyembamba za rangi, za kuazima kutoka kwa wafadhili, zilikuwa zimepangwa kwenye maegesho. Pikipiki zilikuwa zimeondolewa. Wageni walikuwa wapande kutoka getini hadi turubai. Nilikuwa na kamera shingoni tangu mapema.

Mwanamke alifika akiwa na haraka. Karatasi yake ya kwanza ya mtihani ilikuwa asubuhi hiyo.

"Mama, leo baiskeli hapana," Afande alimwambia. "Leo iko wageni wa baiskeli."

"Najua, afande. Naiweka kwa ua kama siku zote."

"Sawa. Weka mbali kidogo. Isionekane kwa picha."

Akaisogeza kule kwenye pembe ya ua, penye majani marefu, akaifunga. Aligeuka kuwaita vijana wa steji wamwangalizie, na hapo ndipo alipoona kile ambacho mimi pia nilikuwa sijakiona, kwa sababu sote tulikuwa tumetazama ndani. Steji haikuwepo. Askari walikuwa wameifukuza alfajiri ili mbele ya geti pawe pasafi kwa ajili ya waendesha baiskeli.

Alisimama. Nilimwona akitazama baiskeli, kisha barabara tupu, kisha jengo la madarasa. Alikuwa na kalamu mbili mkononi, zimefungwa na mpira. Kisha akaingia kilangoni, akaenda kufanya mtihani.

Uzinduzi ulikwenda vizuri. Wageni walipanda getini na, kwa kuwa ni watu wa kwetu, mara tu walipomwona makamu mkuu amesimama kwenye ngazi, wakashuka mmoja baada ya mwingine wakaanza kusukuma, wengine wakipiga goti kidogo kumwamkia. Picha zangu zote zinaonyesha watu waliovaa kofia ngumu wakitembea kando ya baiskeli. Mwenyekiti aliniomba nitafute hata moja ambayo mtu amekaa. Sikuipata.

Alipotoka kwenye mtihani, baiskeli haikuwepo. Kufuli lilikuwa kwenye majani, limefunguliwa taratibu, bila kuvunjwa. Madumu mawili yalikuwa yamewekwa kando, wima, kana kwamba aliyeiba aliona aibu kuchukua vyote. Alizunguka ua wote. Alimwuliza Afande, na Afande alivua kofia yake akaishika.

"Mama, mimi nilikuwa naangalia ndani," alisema.

"Najua, afande."

Hakulia. Aliyabeba madumu, moja kila mkono, akaenda mjini kwa miguu. Tulikwenda polisi siku iliyofuata, mimi naye, na polisi wakaandika, wakauliza namba ya fremu, na nani anajua namba ya fremu? Vijana wa steji, waliporudi mahali pao, walizunguka masoko ya vyuma chakavu jioni mbili wakiuliza. Walirudi mikono mitupu. Yule wa petroli aliniambia, "Bosi, tungekuwepo, hata mbwa asingekojolea tairi lile." Hakuwa ananilaumu mimi peke yangu, alikuwa anautazama ua.

Kamati ilikutana kwa dharura. Mwenyekiti alisikitika kwa dhati. Alipendekeza mama apewe moja ya zile baiskeli za wafadhili. Wote wakaunga mkono, na mimi nikafarijika kwa muda wa kutosha kunywa chai. Kisha mhandisi akasoma masharti: baiskeli hizo ni za kutumika ndani ya chuo tu. Na hata sharti lile lingevunjwa, ilikuwa baiskeli ya magurudumu membamba, haina keria, haina pa kufunga hata mkate. Aliletewa. Aliushika usukani kwa adabu, akaigeuza, akatazama nyuma yake pale ambapo madumu yangekaa.

"Ni nzuri sana," alisema. "Nashukuru wazee. Lakini mimi sina safari ya humu ndani."

Akairudisha kwenye maegesho.

Karatasi ya pili ya mtihani ilikuwa siku tatu baada ya ile ya kwanza. Nimeulizwa na watu, kwa nini hakuacha maziwa siku hiyo moja? Kwa sababu hoteli haingoji. Mwenye hoteli akikosa maziwa asubuhi, anamchukua muuzaji mwingine, na huyo mwingine hatoki tena. Alikuwa amekwisha kuwapoteza wateja wote isipokuwa wawili kwa kuchelewa siku zile. Basi alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko na dumu moja kichwani, akatembea kutoka ng'ambo ya Nakaloke hadi mjini, akagawa, akaendelea kwa miguu kuelekea chuoni. Alipofika getini nilikuwepo, nikishusha mabango ya uzinduzi. Afande alimwona kwa mbali. Alifungua mabawa yote mawili ya geti, kama kwa gari, akasimama wima.

"Pita mama. Pita haraka."

Alipita mbio, kati ya geti lililofunguka, mbele ya utawala, mbele ya bendera, hakuna aliyemsimamisha popote, kwa sababu hakuwa na kitu cha kushukia. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa umefungwa. Msimamizi alisema sheria ni sheria na muda wa kuingia umepita. Nilikwenda mwenyewe kumwomba mwenyekiti, akapiga simu, akaambiwa kwamba kwa huruma atarudia somo hilo mwaka ujao.

Shule iliyomshikia nafasi haikushika mpaka mwaka ujao. Hilo nililijua aliponiambia mwenyewe, muhula uliofuata, nilipomkuta nyuma ya hoteli moja ya mjini akipima maziwa kwa kikombe cha bati kwenye sufuria ya mpishi. Alikuwa amekonda shingo. Tulisalimiana, nikauliza habari za watoto, akasema hawajambo, wanasoma. Nikamuuliza kama atarudi kufanya ile karatasi.

"Nirudi nayo digrii niipeleke wapi?" alisema. "Nafasi wamempa kijana. Kijana mzuri. Nilimfundisha mimi mwenyewe darasa la sita."

"Nafasi zipo shule nyingine."

"Zipo mbali, kaka yangu."

Mpishi akamwambia aongeze, kikombe cha mwisho hakikujaa. Akaongeza. Nilitaka kumwambia jambo lenye msaada, na nikapekua kila nililokuwa nalo: ofisi, kamati, mwenyekiti mwema, maegesho yenye paa la kijani. Sikupata hata moja ambalo lingebeba dumu moja kutoka Nakaloke.

Wiki ile kamati ilikaa kikao cha mwisho, kwa sababu wafadhili walitaka taarifa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna malalamiko yoyote kutoka kwa waendesha baiskeli tangu njia ifunguliwe. Mhandisi akasema hakuna. Na ilikuwa kweli. Wapishi na wafagiaji walikuwa wameacha kuja na baiskeli zao tangu ile ya mama ilipoibiwa. Walikuja kwa miguu, au walikuja kwa boda siku wakiwa na nauli. Ua wa waya ulikuwa mtupu, na majani yameota pale zilipokuwa zikiegemea. Kiti cha mwisho mezani kilikuwa kitupu pia, na msimamizi wa maktaba alikuwa ameweka mkoba wake juu yake.

"Basi tuandike hivyo," mwenyekiti alisema, kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Nikaandika.